Vipimo Safi, Maumivu ya Kweli

Wiki ile wasichana walipoanza kuanguka katika shule anakosoma mjukuu wangu, kundi la WhatsApp la wazazi liligawanyika pande tatu. Alianza binti mmoja wa kidato cha pili, usiku, bwenini. Alitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Kulipokucha wenzake kadhaa wakawa katika hali hiyo hiyo, na kabla wiki haijaisha madarasa mawili yalikuwa nusu tupu. Wakapelekwa kituo cha afya, wakapimwa malaria, taifodi, damu na mkojo. Majibu yakatoka safi, na hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Upande mmoja ulisema ni majini, aitwe shehe, aitwe na mchungaji, majengo yaombewe. Upande wa pili ukadai chakula kina sumu. Upande wa tatu, uliokuwa na sauti kubwa kuliko yote, ukasema mabinti wanaigiza kwa kuwa mitihani imekaribia, na dawa yao ni fimbo.

Mjukuu wangu hakuanguka. Alinipigia kwa simu ya matroni, akanisimulia yaliyompata rafiki yake anayelala kitanda cha chini yake, kisha akashusha sauti: “Bibi, eti wanaigiza?”

Nilimjibu kwamba hawaigizi. Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, mkoani Kagera, na jibu hilo fupi nililipata polepole, kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Nimeona nieleze nilivyolipata, maana mabishano ya wazazi wale nimeyasikia wodini, misibani, hata kwenye mabasi. Tunakubali kwamba mtu anaumwa pale kipimo kinapokubali. Kipimo kikinyamaza, tunabakiwa na maelezo mawili tu: shetani, au uongo.

Mwaka 1962 nilikuwa mtoto, tukiishi Nshamba. Mwezi wa tatu binti wa jirani yetu alirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, iliyokuwa ya wamisionari, kando ya Ziwa Viktoria. Mama alikwenda kumjulia hali, nami nikamfuata. Tulimkuta ameketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zetu, mgongo kauegemeza kwenye nguzo. Alikuwa anacheka. Sisi watoto tukaanza kucheka naye, tukidhani kuna kichekesho. Punde tukaona machozi yanamtiririka, mikono imeshika mbavu, na kila mara anageuka kutazama nyuma kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Mama yake alipomshika mabega alijinasua kwa nguvu ambazo msichana mwembamba vile hatukujua anazo. Kisha akatulia. Akaomba maji, akanywa, akazungumza nasi vizuri, hata akaniuliza kama nimeanza shule. Hatujaaga, kicheko kikamrudia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuwa muuguzi, nilisoma taarifa ya madaktari wawili, Rankin na Philip, iliyochapishwa mwaka 1963 kuhusu kilichotokea. Ugonjwa ulianza Januari 30, 1962, kwa wasichana watatu. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, ulikuwa umewapata 95 kati ya wanafunzi 159. Wasichana waliporudishwa makwao, nao ukaenda pamoja nao. Hapo kwetu Nshamba ulishika watu 217 katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ilifunguliwa Mei, ugonjwa ukaanza upya, ikafungwa tena. Madaktari walichukua damu, wakachukua maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakukuta kijidudu wala sumu. Hakuna aliyefariki, na walimu wa shule ile hawakupatwa.

Habari hii huzunguka duniani kama kituko cha kufurahisha, ati kijiji kilichoshindwa kuacha kucheka. Mimi niliyemwona yule binti sijawahi kuona la kufurahisha ndani yake. Yeyote anayedhani alikuwa anaigiza na ajaribu kucheka kwa dakika kumi tu kwa kujilazimisha. Misuli ya tumbo itamuuma, pumzi itamwishia, ataacha. Wale walicheka na kulia kwa vipindi, wengine kwa saa kadhaa, siku hadi siku.

Walikuwa mabinti wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, katika shule ya bweni ya zama zile, ambako kengele iliamua kila kitu na mtoto hakuwa na pa kupeleka neno lake. Uhuru ulikuwa umepatikana Desemba 9, 1961, hata miezi miwili haijatimia. Wazazi, kanisa na taifa jipya, wote waliwatazama wasichana wachache waliobahatika kusoma. Sidai kujua kilichokuwa moyoni mwa kila mmoja wao. Ila nilikuja kujifunza kwamba hofu isiyoruhusiwa kutamkwa inaweza kushika misuli ya mbavu, mapafu na miguu bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na kwamba ikishamshika mmoja, walio katika hali kama yake hushikwa kwa kumwona tu. Kupiga miayo kunaambukiza bila kijidudu. Na anayepiga miayo kwa sababu mwenzake kapiga, miayo yake ni ya kweli.

Somo la pili lilinijia wakati wa vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Miezi iliyofuata, askari wetu walipovuka kuingia Uganda, majeruhi walianza kuletwa. Nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ya upasuaji. Miongoni mwao alikuwamo askari aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya kukanyaga bomu la kutegwa ardhini. Usiku mmoja aliniita.

“Dada, niinulie blanketi. Linanibana vidole.”

Nilitazama. Upande wa kulia blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Hakuwa na homa, wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri kwamba mguu haupo, na alikuwa ameona sehemu yake ilivyofungwa bandeji. Hata hivyo vidole vilimuuma, vimekunjwa kuelekea chini, kidole gumba kimepanda juu ya cha pili. Alinieleza mkao wao kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kitu anachokitazama.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo aliyekwisha kuona mengi, alikuja bila kuuliza swali. Akaleta kile kitegemezi cha chuma tunachowawekea walioungua ili shuka lisiguse ngozi, akakiweka mahali ambapo mguu ungekuwa, akalitandaza blanketi juu yake. “Sasa?” akauliza. Askari akavuta pumzi ndefu. “Sasa afadhali, mama.” Hazikupita dakika nyingi, akalala.

Kwenye korido, nilimuuliza yule mama kama tumemdanganya. Alinijibu kwamba maumivu hayako kwenye blanketi, yako kwa mwenye nayo, na kazi yetu ni yeye.

Sayansi ya jambo hili ni ya kale kuliko nilivyodhani. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, aliandika kuhusu askari waliolalamikia viungo walivyokwisha kukatwa. Silas Weir Mitchell aliyaona hayo hayo kwa majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani katika karne ya 19. Ubongo huhifadhi ramani ya mwili mzima, na mguu ukiondoka, ramani yake haiondoki. Katika miaka ya 1990 Vilayanur Ramachandran, mwanasayansi mzaliwa wa India anayefanya kazi Marekani, aliwawekea watu wa aina hii kioo ili mkono mzima uonekane mahali pa ule uliokatwa. Baadhi yao, walipoona kiganja “kinafunguka” kiooni, maumivu ya kiganja kisichokuwapo yakalegea.

Katika wodi ile ile alikuwamo askari mwingine mwenye jeraha baya zaidi tumboni, naye hakuomba dawa ya maumivu hata tulipompa nafasi ya kuomba. Baadaye nilisoma kwamba daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliliona jambo hili kwa majeruhi wa Vita Kuu ya Pili na kuliandika mwaka 1946. Wengi wa waliojeruhiwa vibaya walisema hawahitaji dawa, ilhali raia mwenye kidonda kidogo kuliko chao huilia. Kwa askari, jeraha lilimaanisha kwamba yuko hai na vita kwake vimekwisha. Maana ya jeraha huingia katika maumivu yenyewe. Tangu wakati huo sikuweza tena kumwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya akilini tu. Maumivu yote hukamilika katika ubongo, yale ya mfupa uliovunjika na yale ya mguu usiokuwapo, na hayo yote yanauma.

Kisha ikaja miaka migumu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu. Ugonjwa haukuwa na dawa, na kwa muda haukuwa hata na jina linalokubalika. Watu wa kwetu waliuita Juliana. Ngoma za misiba zilifuatana. Ungeweza kupita vibanja vitatu vya migomba ukakuta matanga mawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuja mzee mmoja wa makamo, mkulima wa kahawa. Alikuwa amemzika mkewe, na kabla hajakaa sawa akamzika mdogo wake. Suruali aliifunga kwa kamba ya mgomba maana mkanda ulikuwa umeishiwa matundu. Anaharisha, hapati usingizi, usiku anatokwa jasho hadi shuka linaloa, moyo unamdunda akiwa amekaa. Alikuwa amekwisha kugawa mashamba yake kwa wanawe. Tulimchukua damu, ikapelekwa mbali, majibu yakachukua wiki kadhaa. Wakati wa kungoja alizidi kukonda. Nilikuwa na hakika, na kila aliyemwona wodini alikuwa na hakika hiyo hiyo.

Majibu yalisema hana virusi. Daktari alimsomea, akamrudia, kisha akamwagiza aje kupimwa tena baada ya miezi. Yule mzee alikaa kimya, halafu akageuka kwangu. “Sista, naomba uji.” Alikunywa kikombe, akaongeza cha pili. Aliporudi kupimwa mara ya pili majibu yalikuwa yale yale, na nilimtambua kwa sauti kwa kuwa uso ulikuwa umejaa.

Namna hofu inavyomla mtu hivyo ilianza kuelezwa vizuri na Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani wa utendaji wa mwili. Alikuwa akichunguza kwa eksirei mwendo wa chakula tumboni mwa paka, akagundua kwamba paka akitishwa au akikasirishwa, tumbo lake husimama kufanya kazi. Mwaka 1915 alitoa kitabu kuhusu mabadiliko ambayo hofu, njaa, hasira na maumivu huleta mwilini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu huhama tumboni kwenda kwenye misuli, jasho hutoka. Mpangilio huo ni mzuri kwa mtu anayemkimbia chui, maana chui atampata au atamkosa, na kwa vyovyote vile mambo yatakwisha upesi. Lakini anayekesha akiwaza kifo kwa miezi huishi na adrenalini na kotisoli bila mapumziko. Hali chakula, halali, misuli haitulii, tumbo linavurugika.

Ugonjwa wa yule mzee ulikuwa wa mwili kabisa. Mizani ilionyesha amepungua kilo, na mizani haina ushirikina. Sababu ndiyo iliyotokea moyoni, katika makaburi mawili na lile la tatu alilokuwa akiliona mbele yake. Nilijifunza pia kwamba neno la mhudumu lina uzito wa dawa. Hakuna kilichobadilika katika damu yake siku ile aliposomewa majibu, na bado siku ile ndiyo aliyoanza kupona.

Hapa kuna hatari ya kuvuka mpaka, kwani mtu akishaona nguvu ya imani juu ya mwili anaweza kuamini kwamba imani inatosha. Kuhusu mpaka huo nilifundishwa mwaka 2011, ule mwaka wa kikombe. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa dawa ya mitishamba katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500 kikombe. Watu walikwenda kwa magari, kwa mabasi, wengine kwa helikopta, foleni ikawa ya kilomita nyingi, na kutoka Kagera pia walikwenda.

Walirudi kliniki yetu wanawake wawili waliosafiri pamoja. Wa kwanza alikuwa na maumivu ya kiuno ya miaka mingi. Kabla ya safari alikuwa akiingia chumbani kwetu kwa kushikilia ukuta. Baada ya safari aliingia akitembea, akakaa bila kujishika mgongo. Nilimpima, nikamwinamisha, nikamwinua. Alikuwa na nafuu ya kweli. Wa pili alikuwa na kisukari. Uso wake uling'aa kwa furaha. “Sista, mimi nimepona. Dawa zenu nimeziacha.” Nilimchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo, tukasubiri pamoja tukikitazama. Kikasoma 19. Kwa mtu ambaye hajala, 7 tayari ni kisukari. Nilimgeuzia kile kioo kidogo akaisoma namba mwenyewe, akaisoma tena, furaha ikamtoka usoni.

Nilimsihi arudie dawa siku ile ile, akarudia. Wengine hawakupata bahati hiyo. Katika nchi hii wapo watu wenye virusi vya UKIMWI waliotupa vidonge vyao baada ya kunywa kikombe, na wapo waliofariki kwa kufanya hivyo.

Nimewafikiria sana wanawake wale wawili. Wote waliamini sawasawa, walisafiri barabara moja na kunywa kikombe kimoja. Imani ilifika kwenye kiuno cha mmoja, ikashindwa kufika kwenye kongosho la mwenzake. Ipo sababu. Maumivu yana milango ambayo ubongo unaweza kuifunga au kuifungua, na Ronald Melzack na Patrick Wall walilieleza hilo mwaka 1965. Mwaka 1978 watafiti wa California walifanya majaribio kwa watu waliong'olewa magego. Baadhi walipata nafuu kwa dawa isiyo na kitu ndani yake. Walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, ile nafuu ikapotea. Maana yake, matumaini yao yalikuwa yameufanya mwili utoe mofini yake wenyewe. Kwa hiyo aliyepata nafuu ya kiuno hakudanganyika. Lakini mwili hauna njia ya namna hiyo ya kuzalisha insulini kwa matumaini, wala ya kumfukuza kirusi. Matumaini humpunguzia mtu maumivu, hofu, kichefuchefu na uchovu, na hayo si madogo. Sukari, uvimbe na virusi vinahitaji dawa, na mhudumu anayemficha mgonjwa jambo hilo anamuua.

Nilidhani nimejifunza ya kutosha hadi mwili wangu mwenyewe uliponigeukia. Nilikuwa nimestaafu. Mume wangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, tukamzika, watu wakaondoka, mkeka wa msibani ukakunjwa. Wiki chache baadaye nikaanza kubanwa kifua. Kilikuwa kibano cha katikati, kinachopanda hadi kooni, hasa saa kumi za jioni, saa ambayo tulikuwa tukinywa chai pamoja. Nikaenda hospitali. Nikapimwa mapigo ya moyo kwa mashine, nikapimwa damu, nikapigwa picha ya kifua. Daktari wa kwanza alizitazama karatasi zangu, akasema, “Mama, huna kitu.” Nikatoka nikiwa mgonjwa zaidi ya nilivyoingia, kwa kuwa sasa nilikuwa na maumivu na pia nilikuwa peke yangu nayo.

Niliporudi siku nyingine nilimkuta daktari kijana. “Shikamoo, mama,” akaanza, akavuta kiti, akakaa. Hakuzitazama karatasi kwanza. Aliniuliza maswali mawili: kifua kilianza lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini. Nilipojibu la pili nililia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana nilikuwa mkubwa wa familia na wote walikuwa wakinitegemea nisimame. Alingoja. Kisha akasema, “Mama, moyo wako ni mzima. Na maumivu yako ni ya kweli. Yote mawili ni kweli.”

Akanieleza kwamba huzuni inaweza hata kuudhuru moyo wenyewe. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 hali wanayoiita takotsubo, ambapo baada ya mshtuko kama wa kufiwa sehemu ya chini ya moyo hulegea na kuvimba hadi kufanana na chungu wanachovulia pweza. Huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa, na wengi hupona. Mimi sikuwa nayo, na vipimo ndivyo vilivyothibitisha, kwa hiyo navishukuru. Lakini vipimo viliishia hapo, na matibabu yangu yalianzia hapo.

Aliniandikia kutembea kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kulala saa ile ile, na kurudi kwenye kwaya niliyokuwa nimeiacha. Hiyo kwaya ilinishangaza. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba akili ndiyo inayoutuma mwili. Kumbe safari ni ya pande mbili, na ujumbe unaopanda ni mwingi kuliko unaoshuka. Mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi hushuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari za mwili juu kwenye ubongo. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uyasikie mapigo. Vuta pumzi, kisha itoe polepole sana. Wakati wa kutoa, mapigo hupungua mwendo kidogo. Anayeimba hutoa pumzi ndefu mstari baada ya mstari, na moyo hupata mapumziko hayo kila mara, nao ubongo hupokea habari kwamba hatari imepita. Sikuweza kujishauri niache huzuni. Niliweza kuimba, na baada ya miezi ile saa kumi ya jioni ikaanza kupita bila kunibana.

Sasa turudi kwa wasichana wetu. Hawako peke yao. Oktoba 2023, katika shule moja ya wasichana kaunti ya Kakamega nchini Kenya, zaidi ya wanafunzi 60 walilazwa hospitali miguu ikiwa imekosa nguvu, picha zao wakitembea kwa kuyumba zikasambaa kila mahali, na maofisa wa afya wakasema ni histeria. Mitandaoni watu walilisikia neno hilo kama hukumu ya uongo. Ndivyo walivyolisikia wazazi wenzangu pia.

Niliwaandikia kundini kwa urefu kuliko ilivyo kawaida yangu. Kwanza, kila binti apimwe kwa makini. Histeria isiwe kisingizio cha uvivu wa kupima, kwa maana mmoja kati yao anaweza kuwa na malaria ya kichwani au ugonjwa mwingine unaoua. Pili, wanaoanguka watengwe kwa upole mahali patulivu, pasipo kelele, umati wala simu za kupiga picha, kwa sababu hali hii huenea kwa kuonekana. Tatu, wenye imani waombe, nami huomba, ila maombi yasiwe ya kupiga kelele juu ya mtoto aliyelala sakafuni ilhali wenzake mia wanatazama. Nne, fimbo iwekwe kando. Mtoto ambaye mwili wake umezidiwa na hofu haponi kwa kuongezewa hofu.

La tano ndilo gumu, kwa sababu linatudai sisi. Tuwaulize. Baada ya siku chache za utulivu mabinti wengi waliweza kutembea tena, na mama mmoja mwenye hekima akakaa nao wawili wawili. Yakatoka mengi: hofu ya matokeo, ada zisizolipwa, mwanafunzi mwenzao aliyefariki likizoni ambaye hakuna aliyewahi kuwaruhusu wamzungumzie shuleni. Wiki zote walizosoma pembeni ya kiti chake kitupu, hakuna mtu mzima aliyelitaja jina lake.

Nchini Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi tunao. Kila shule ya bweni ingeweza kuwa na mmoja wao, mwenye mafunzo kidogo, asiyetoa alama wala adhabu, na benchi chini ya mti. Nimejitolea kuwa wa kwanza katika shule ya mjukuu wangu, na uongozi umekubali tuanze muhula ujao.

Nawaomba na wenzangu wa taaluma, wale walio kazini sasa, wenye foleni ndefu na chumba kidogo. Karatasi zikirudi safi, msimwambie mgonjwa hana kitu. Mwambieni mlichokitafuta na kwamba hamkukiona, kisha mumuulize maswali mawili niliyoulizwa mimi: ilianza lini, na wakati huo kulikuwa na nini. Jibu la swali la pili halionekani kwa mashine yoyote, na bila hilo mgonjwa atakwenda nyumbani na maumivu yake yote.